Kuwasomesha Wajukuu kwa Simu



Waliokabidhiwa kukusanya kitabu chetu cha mwaka huu wamenitaka niandike chochote juu ya kazi ya ualimu, kwa kuwa nimeifanya miaka mingi, kwanza Unguja na baadaye hapa Jeddah, mpaka nilipostaafu mwaka 2018. Nilifikiri kuandika habari za skuli, lakini habari hizo wengi wenu mnazijua, na wengine mlikuwa wanafunzi wangu na mna yenu ya kusema. Kwa hiyo nitaandika juu ya somo lililonishinda nikiwa nimekwisha kustaafu. Wanafunzi walikuwa wawili tu, tena wajukuu zangu. Majina yao siyataji, wasije wakanilaumu wakishakuwa wakubwa.

Mambo yalianza kwa dada yangu. Dada yuko Unguja, ni mkubwa wangu kwa miaka kumi na minne, na ndiye aliyemlea mwanangu wa kwanza kwa miaka mitatu, mimi na mzee wangu tulipotangulia huku mwaka 1985 kutafuta makao. Enzi zile simu ilikuwa ghali, na wengi wetu tulikuwa tukipelekeana kaseti kwa mkono wa wasafiri. Dada alikuwa akirekodi pande zote mbili, pamoja na kuku wa jirani na adhana ya alasiri, na mtoto wangu akisukumwa mbele ya mashine aseme, "Mama, mimi mzima." Kaseti hizo ninazo mpaka leo, ila mashine ya kuzipigia ndiyo imekufa.

Basi Disemba 2019 nilikuwa Riyadh nyumbani kwa mwanangu huyo huyo, tukampigia dada simu. Mjukuu wangu wa kike, wakati huo ana miaka saba, akapewa simu. Dada akamwuliza, "Hujambo, mwanangu? Umekula nini leo?" Mtoto akanigeukia, akaniuliza kwa Kiarabu, "Anasema nini?" Dada alisikia. Kiarabu hakisemi, lakini hilo alilifahamu. Akasema taratibu, "Basi, mpe babake." Tangu siku hiyo hakutaka tena kupewa watoto. Akipiga alikuwa akiuliza tu kama wazima.

Mimi ni mwalimu. Nilijiambia kuwa jambo hili nitalitengeneza mwenyewe.

Nafasi ilikuja kwa sura nisiyoitaka. Tarehe 9 Machi 2020 skuli za nchi nzima zilifungwa kwa ajili ya korona. Tarehe 21 ndege na mabasi ya ndani yakasimama. Na mapema mwezi wa Aprili Riyadh na Jeddah zikawekwa katika amri ya kutotoka nje usiku na mchana. Mimi niko Jeddah na mzee wangu, watoto wako Riyadh, kati yetu kilomita mia tisa na zaidi za jangwa. Nikashika simu nikaanza kutengeneza masomo ya Kiswahili.

Nilifanya kwa bidii, nisidanganye. Somo la kwanza lilikuwa vyombo vya jikoni: kinu, mchi, ungo, kawa, chungu, mwiko, upawa, kata, mbuzi, na vinginevyo, jumla ishirini na viwili. Kila chombo nilikitafutia picha. Chini ya picha niliandika maelezo marefu, kisha nikayasoma kwa sauti neno kwa neno, na nyuma ya sauti yangu nikaweka taarabu ili lipendeze. Somo lilikwenda dakika ishirini na tano. Nilipomwonyesha mzee wangu alisema ni zuri sana, ila nilipogeuka nikamkuta anasinzia. Nikatia moyo kwamba ni uzee.

Nilipeleka masomo matatu ya namna hiyo, moja kila wiki. Mwanangu akaniambia watoto wanayapenda na wanayatazama mpaka mwisho. Baada ya wiki ya tatu nikawapigia simu niwafanyie mtihani. Maneno yalikuwa yamepita sitini. Msichana aliyajua saba. Mdogo wake, wa miaka sita, aliyajua mawili. Moja ni "mbuzi", na nilipomwuliza ni nini akalia kama mbuzi wa machungani. Chombo cha kukunia nazi hakijui, na atakijua wapi? Nyumbani kwao nazi hutoka koponi.

Niliwakasirikia. Nilisema maneno ambayo mwalimu hapaswi kumwambia mtoto, kwamba hawakusikiliza na kwamba hawana haya. Msichana alilia, na wiki iliyofuata alikataa kuja kwenye simu yangu. Hapo nilikuwa nimemfanyia dada yangu nini? Mwanzo mtoto mmoja hakumfahamu yeye. Sasa alikuwa hataki kuzungumza hata na mimi.

Baada ya siku mbili mkaza mwanangu akanipigia. Yeye kakulia Riyadh na alikuwa akisoma chuo kikuu fani ya namna za kufundisha kwa mitambo. Akaniamkia, akaniuliza hali ya mguu wangu, akaniuliza habari za baba mkwe wake, kisha akasema, "Mama, nikikuambia jambo hutanikasirikia?" Nikamwambia, "Sema." Akasema, "Watoto wamesikiliza, Mama. Ila hawakuulizwa kitu hata kimoja mpaka siku ya mtihani."

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikamwomba anipelekee anayoyasoma, nami nikayasoma kwa kamusi na miwani miwili.

Nitaeleza yale yaliyonigusa tu. Kuna Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus aliyetoa kitabu juu ya kumbukumbu mwaka 1885. Mtu aliyempima alikuwa nafsi yake mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana, akazihifadhi, kisha akajipima baada ya dakika ishirini, saa, siku, siku kadhaa, na mwezi. Aliona kuwa kusahau kunakwenda mbio mwanzoni: saa moja tu ilipopita zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja kama theluthi mbili. Lakini tangu siku hiyo mpaka mwezi mzima kilichoongezeka kupotea kilikuwa kidogo. Mimi nilikuwa nawapa watoto neno Ijumaa, nasubiri Ijumaa ya pili, nami siwarudishii lile la kwanza bali nawaongezea jipya. Ndio kusema nilikuwa najaza maji ndani ya ungo, tena nikiwalaumu wao.

Akaja John Sweller wa Australia, aliyeandika mwaka 1988 juu ya mzigo wa akili: kwamba sehemu ya akili inayoshika mambo mapya kwa wakati mmoja ni ndogo sana, na ukiijaza mambo ya pembeni hapabaki nafasi ya kujifunza. Richard Mayer wa California akaonyesha kwa majaribio mengi kwamba picha na sauti husaidiana, lakini ukiongeza na maandishi yale yale yanayosomwa, macho ya mwanafunzi hukimbia huku na huku na faida hupungua. Na muziki wa kupendezesha ni mzigo vilevile. Nilipofika hapo nilifunga simu nikaenda kunywa chai. Kila kosa alilolitaja nilikuwa nimelifanya, tena nimelikesha usiku kucha.

Lakini lililonishika zaidi ni jaribio la Roediger na Karpicke, la mwaka 2006, huko St. Louis, Marekani. Waliwapa wanafunzi habari wasome. Wengine wakairudia kuisoma. Wengine wakafunikiwa karatasi wakatakiwa waandike wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki, waliojikumbusha wenyewe waliwapita. Na wale wa kusoma tu ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka! Nilimkumbuka mwanangu akiniambia watoto wanatazama mpaka mwisho.

Hapo ndipo nilipokumbuka chuoni, na niliona haya, maana jambo hili nililifanyiwa mimi mwenyewe tangu nina miaka mitano. Chuo chetu kilikuwa Ng'ambo, ukumbini kwa mwalimu, tumekaa juu ya majamvi, kila mtoto na ubao wake. Mwalimu hakuwa akitusomea mara kumi. Alikusomea mara mbili au tatu, ukaenda kando ukaishika, kisha ukarudi mbele yake, ubao ukageuzwa uso chini, naye akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikokuwa somo. Ukikwama alikuwa akikungoja, na akiona kweli huna hukupa herufi moja ya mwanzo, si zaidi. Aya ya leo hukupewa mpaka utoe ya jana, na siku fulani katika juma tulikuwa hatupewi jipya lolote, ni kudurusu ya nyuma tu. Wakubwa waliwasomesha wadogo, na anayesomesha hukumbuka mara mbili.

Sisemi chuo kilikuwa hakina ila. Bakora ilikuwapo, na mambo mengi tuliyahifadhi bila ya kujua maana yake mpaka tulipokuwa watu wazima. Mtoto anayeogopa hunyamaza kwa namna nyingine, na hicho kinyamavu hakina faida. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kumpiga mjukuu wangu bakora ya maneno, umbali wa kilomita mia tisa.

Basi nikaanza upya. Kwanza nilimwomba msichana radhi kwa simu. Jambo hilo mzee wangu hakulipenda, akasema mtu mzima haombi radhi kwa mtoto, lakini nililifanya.

Somo likawa dakika nne. Maneno mapya yakawa matano, na baadaye nikaona manne yanatosha. Muziki nikautoa, maandishi nikayatoa. Picha moja na sauti yangu. Na vitu nikavichagua kutoka nyumba yao wao: mlango, kiatu, wali, maji, ufunguo. Kinu na kawa nikaviweka baadaye, mbuzi nikamwacha kabisa. Kila somo likaanza kwa maswali ya masomo yaliyopita kabla ya jipya: ya jana, ya siku tatu nyuma, ya wiki iliyopita. Mkaza mwanangu akanionyesha programu ya Anki, iliyoanza mwaka 2006, ambayo hupanga kadi zenyewe zirudi baada ya siku kadhaa kwa kadiri unavyokosa au kupata. Niliitumia kujua neno gani lirudi lini, lakini watoto sikuwapa waichezee, maana msichana alianza kuhesabu kadi alizomaliza badala ya kujibu.

Kubwa kuliko yote, nikaanza kunyamaza. Nikiuliza "Hiki ni nini?" naacha kimya ndani ya sauti niliyorekodi, kisha ndipo nasema jibu, ili mtoto ajue hapo hapo kama kapata au kakosa. Mwanzo niliacha sekunde mbili. Mwanangu akanieleza kuwa mdogo hufungua mdomo na jibu langu hukwisha kutoka. Nikaongeza zikawa sita. Jaribuni, ndugu zangu, kukaa kimya sekunde sita mbele ya simu inayorekodi! Ni ndefu kama safari ya Pemba kwa jahazi. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hili madarasani katika miaka ya 1970 akakuta walimu wakiuliza swali hungoja kama sekunde moja tu, na wakingoja tatu au zaidi majibu ya watoto huwa marefu na wenye kujibu huzidi. Mimi nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, na najua nilikuwa mwalimu wa sekunde moja.

Ndege za ndani ziliporudi mwisho wa Mei 2020 nikenda Riyadh, nikakaa miezi mingi. Huko nilishuhudia skuli yenyewe ikiingia nyumbani. Tarehe 30 Agosti mwaka ule masomo ya nchi nzima yalianza kwa jukwaa la Madrasati, wakubwa asubuhi na watoto wa msingi alasiri, na waliokuwa na shida ya mtandao walikuwa na masomo ya televisheni ya Ain. Nyumba ilikuwa na watoto wawili, mama mwanafunzi, baba mfanyakazi, na mtandao mmoja wa kugombaniwa. Nilikaa nyuma ya mjukuu wangu wa darasa la tatu kama mkaguzi. Mwalimu wake mmoja alinifurahisha sana. Alikuwa akiuliza swali la hesabu, akiwaambia waandike jibu lakini wasilipeleke mpaka aseme "sasa", halafu majibu yote yakaingia kwa pamoja. Hakuna aliyeweza kujificha nyuma ya mwenye kidomo. Nilitamani kumpa mkono.

Wengine katika nyinyi mtasema haya ni mambo ya wenye mtandao na simu nzuri. Siyo. Redio imefanya kabla. Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio madarasa ya chini kati ya 1980 na 1985, watoto wakimjibu mtangazaji kwa sauti. Na kwetu Unguja na Pemba, katikati ya miaka ya 2000, kulikuwa na kipindi cha Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo, hasa walio mbali na skuli za maandalizi. Dada alinieleza zamani kuwa redio ile "inauliza kisha inanyamaza, na watoto wanaijibu kama mtu". Wakati ule nilicheka tu.

Na wenye jamaa Tanga huenda mmesikia habari za tableti. Katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, tangu mwisho wa 2017 na kwa miezi kumi na mitano, watoto zaidi ya 2,500 katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa ule walipewa tableti za kujifunzia kusoma Kiswahili na hesabu, na vituo vya kuchajia kwa jua. Wengi hawakupata kuingia skuli. Programu ilibidi yenyewe iulize, imngoje mtoto aguse jibu, na imwambie papo hapo. Mei 2019 washindi wawili, onebillion ya London na Kitkit School, waligawana dola milioni 10. Kabla ya kuanza, zaidi ya tisini katika kila watoto mia hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini nami ni mwalimu wa hesabu, na najua nusu iliyobaki ni watoto wangapi.

Hata kwangu mimi, simu iliwapa wajukuu maneno, haikuwapa mazungumzo. Mazungumzo yalikuja nilipokaa nao Riyadh, tukiosha mchele na kutafuta viatu, na maneno yaliyokuwa yamelala kichwani yakaamka. Mdogo mpaka leo anasema "kitabu yangu", na mimi humrudishia "kitabu changu" bila ya kugomba, na yeye huendelea na safari yake.

Mwezi wa Julai 2021 walikuja Jeddah kwa Idi Kubwa. Siku ya pili ya sikukuu tukampigia dada. Nilimwambia, "Dada, leo ninaye mtu wa kukuamkia." Akasita, kisha akasema, "Haya." Msichana akashika simu, akasema, "Shikamoo, Bibi." Dada akaitika. Kisha akauliza lile lile la miaka miwili nyuma, "Umekula nini leo?"

Mtoto akakaa kimya. Babake akataka kumjibia, nikamshika mkono. Dada naye, sijui kwa uzee au kwa hekima, hakusema kitu. Tulisikia simu ikiunguruma tu. Kisha mtoto akasema, "Nimekula wali... wali wa nazi. Nazi ya kopo."

"Ya kopo!" dada akasema. "Kwani huko hamna mbuzi?"

Mdogo wake, aliyekuwa chini ya meza na gari lake, akainua kichwa akapiga kelele, "Mbuzi yuko! Jana Baba amechinja!"

Dada alicheka mpaka akakohoa, akataka apewe huyo aliyesema. Wakazungumza dakika kumi na moja. Niliziona kwenye simu.

Masomo yale sasa yamefika arubaini na mawili, kila moja dakika nne. Anayeyataka kwa watoto wake na anitumie salamu, nitampelekea bure. Lile la vyombo vya jikoni nimelirekodi upya, na mbuzi nimemrudisha.